Springi za Tani Kumi

Wengi wakipewa jina la utani hulikasirikia kwanza. Yeye alilipenda siku ileile. Alikuwa kijana, lori lake limeandikwa ubavuni tani saba, yeye akalipakia saruji tani kumi, akalipandisha mlima na kulishusha upande wa pili bila kupasua hata mfuko mmoja. Tangu hapo akawa Tani Kumi, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye leseni tu, ambako halikuwa na wa kulisoma ila askari wa barabarani. Aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alitoka na mgongo mzima, masikio mabovu kidogo, na gari dogo la familia lenye buti refu, kuukuu, ambalo aliliosha mara nyingi kuliko lilivyochafuka.

Mkewe alifundisha chekechea maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mumewe naye alimwita hivyohivyo, tangu enzi za uchumba. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kutuliza watoto arobaini bila kuipandisha, na alikuwa na mazoea ya kutoa alama. Ukimpikia chai atakupa saba. Ukichelewa kurudi atakupa mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu umerudi.

Basi asubuhi moja Mwalimu alitoka jikoni na beseni la nguo, akateleza kwenye ngazi iliyolowa, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekwa chuma. "Sasa na mimi nina bolti," alimwambia mumewe alipozinduka, naye Tani Kumi akacheka, kisha akatoka nje ya wodi akalia peke yake kando ya bomba la maji. Sisemi hili kumwaibisha. Mtu aliyepandisha tani kumi mlimani ana haki ya kulia.

Baada ya upasuaji kulikuwa na mazoezi ya hospitali, kila Jumanne na Ijumaa kwa miezi minne. Mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mrefu asiyezungusha maneno, aliwakalisha wote wawili akawaeleza mara moja tu. Mwalimu akija bila kukosa, atatembea bila kushika kitu. Akikosakosa, nyonga itaganda. "Na ikishaganda," alisema, huku akimtazama dereva kwa sababu alishajua kazi yake, "mimi sina spana ya kuifungulia."

Mguu ulikuwa haukunjiki vizuri, kwa hiyo Mwalimu hakuweza kukaa mbele. Alikaa kiti cha nyuma kiupande, mgongo umeegemea mto mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa kilomita sita, na katika hizo sita kulikuwa na matuta kumi na moja na mashimo yasiyo na idadi. Springi za nyuma za gari lile zilikuwa zimechoka zamani, gari limechuchumaa kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Safari ya kwanza, kwenye tuta la shule, nyuma ya gari ilishuka mpaka chuma kikagonga chuma, na Mwalimu akapiga ukelele. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne, Tani Kumi hakuwahi kumsikia mkewe akipiga ukelele. Alifika hospitali moyoni ameshaapa kwamba ukelele ule hatausikia tena.

Hapa lazima nieleze jambo la malori, maana bila hilo hutamwelewa. Dereva wa mzigo ana ukaguzi mmoja asiouruka. Kabla ya kuondoka anarudi nyuma hatua ishirini, anafumba jicho moja, anatazama mkia wa gari. Mkia ukiwa sawa na kichwa, safari njema. Mkia ukiwa umechuchumaa, springi hazifai, tafuta nene zaidi. Aliyemfundisha Tani Kumi kazi alikuwa akimwambia kila siku: "Mzigo hausemi. Tazama mkia, huo ndio utakwambia." Neno hilo lilimkaa kichwani kama sala. Miaka thelathini na mmoja alitazama mkia, na mkia haukumdanganya hata mara moja.

Kwa hiyo alikwenda duka la spea akijua anachokitaka. Muuza spea, mtu mnene wa taratibu aliyezungukwa na maboksi mpaka darini, alimuuliza swali ambalo huwauliza wote: mzee, unabeba nini?

"Nabeba mke wangu," alisema Tani Kumi.

Muuza spea akacheka, akashusha springi za kawaida za gari lile. Tani Kumi akazipima kwa jicho, akasema hizo ni za watu wa kwenda harusini. Akaonyesha rafu ya chini, kwenye springi nene zenye waya kama kidole gumba. Muuza spea akamweleza kwa upole kwamba hizo hufungwa na watu wanaobeba mizigo, magunia ya viazi, mitungi ya gesi, vitu vya namna hiyo. Tani Kumi akamjibu kwamba ndiyo maana anazitaka. Akachukua na shokapu ngumu za kwenda nazo, zile pampu za chuma zinazozuia gari lisirukeruke, akabeba vyote begani mpaka garini kama mtu aliyeoa mara ya pili.

Kazi yenyewe aliifanya uani kwake, siku tatu, na kama kuna siku nyumba ile ilicheka tangu beseni la nguo lianguke, ni hizo tatu. Mwalimu alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, akawa msimamizi. Alichukua makopo ya maziwa yaliyokuwa ya watoto wa chekechea, akayapanga mezani, akayaandika kwa chaki: KUSHOTO JUU, KUSHOTO CHINI, KULIA JUU, KULIA CHINI. Kila bolti iliyotoka kwenye gari iliingia kopo lake. Tani Kumi alipojaribu kuweka bolti mbili mfukoni kama alivyozoea, aliitwa, akaambiwa azitoe, akapewa nne.

Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akanyanyua nyuma kwa jeki, akaliketisha gari juu ya stendi mbili za chuma alizozichomelea mwenyewe zamani. Akafungua magurudumu. Bolti za shokapu zilikuwa zimeota kutu, akazinyunyizia mafuta ya taa, akaenda kunywa chai, akarudi, akazinyunyizia tena. Ya kulia iligoma siku nzima. Alilala chali chini ya gari akiibembeleza, akiitukana, akiibembeleza tena, na Mwalimu akamwambia kutoka barazani kwamba hata watoto wa chekechea hufunguka ukiacha kuwapigia kelele. Alinyamaza, akavuta spana taratibu, bolti ikalegea. Hilo analikataa mpaka leo, anasema ni mafuta ya taa.

Springi za zamani zilitoka kirahisi: ukishafungua shokapu unateremsha ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kidogokidogo kwa jeki, huku ukiangalia mpira wa breki usivutike, na springi inabaki mkononi kama jino la mtoto. Mpya ndizo zilizoleta kazi. Zilikuwa ndefu na ngumu, hazitaki kuingia, ikabidi azibane kwa vibanio huku Mwalimu akihesabu mizunguko kwa sauti, kumi upande huu, kumi upande ule, zisifyatuke zikamng'oa meno. Jioni ya siku ya tatu aliliteremsha gari kwenye magurudumu yake, akakaza bolti za mwisho, akarudi nyuma hatua ishirini, akafumba jicho.

Mkia ulikuwa juu. Tuseme kweli, ulikuwa juu mno. Shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi mtaani humohumo, alikuja kuona, akalizunguka gari, akasema linafanana na kuku anayekunywa maji. Tani Kumi hakumjali. Jirani alikuwa anajenga ukuta, wakaazima mifuko minne ya saruji, wakaipakia kwenye buti. Mkia ukashuka kidogo tu, ukakaa sawa na kichwa. "Umeona?" alimuuliza shemeji yake. Shemeji alikiri ameona. Wakaishusha mifuko, wakairudisha.

Jumanne wakaenda hospitali. Tuta la shule likaja, gari likalipita bila chuma kugonga chuma, na kutoka kiti cha nyuma hakikutoka kilio wala mguno. Tani Kumi alimwangalia mkewe kwenye kioo. Alikuwa ameinamisha uso.

"Vipi, Mwalimu?"

"Safi," alisema Mwalimu.

"Alama?"

"Kumi."

Kumi! Mwalimu hakuwahi kumpa mtu kumi, hata mkaguzi wa shule. Tani Kumi alivimba kichwa wiki nzima. Aliisimulia kumi yake kwa jirani mwenye ukuta, kwa muuza spea, kwa shemeji, hata kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kumbe alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na aliyemvika alikuwa na sababu zake.

Ijumaa Mwalimu alisema ana mafua. Jumanne iliyofuata alisema anatarajia mgeni, na mgeni hakuja. Ijumaa akasema amechoka. Mtaalamu wa mazoezi akapiga simu, Mwalimu akajibu kwa ile sauti yake ya kutuliza watoto kwamba atakuja, atakuja. Hakwenda. Mchana alijaribu mazoezi mwenyewe akishikilia meza, lakini mguu ulikuwa mzito, na Tani Kumi alimwona akiuinua kwa mikono miwili kuutoa kwenye kizingiti. Wiki tatu zikapita hivyo. Aliogopa, na mwanamume wa aina yake akiogopa hukasirika. Akajiambia kwamba mkewe amekata tamaa, ameamua kukaa barazani mpaka mwisho.

Siku moja mbele ya chakula alimwambia. Alisema amelala kwenye vumbi siku tatu, mgongo chini, kutu ikimwingia machoni, na mkewe anachoombwa ni kukaa tu kwenye kiti apelekwe. Akauliza kama hata kukaa kumemshinda. Mwalimu aliweka kijiko chini. Alichukua gongo lake, akainuka kwa shida, akaenda chumbani, na Tani Kumi akabaki na sahani mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, alijua hivyo kabla hata hajamaliza kuyamwaga.

Jumamosi akaosha gari, kwa kuwa hakujua la kufanya. Akitoa vumbi kwenye kiti cha nyuma, vidole vyake vikagusa kitambaa kilichosukumiwa ndani kabisa, kati ya kiti na mgongo wa kiti. Akakivuta. Kilikuwa kitambaa cha mkono, cheupe, chenye pindo la buluu, kimekunjwa mara nne, na katikati kina matundu mawilimawili kwa safu. Akasema moyoni, panya. Panya ndani ya gari ni hatari, hula nyaya. Akaenda nacho kwa shemeji yake, maana mambo ya nguo ni yake.

Fundi cherehani alikisogeza dirishani, akavaa miwani. Alikikunjua, akakikunja tena kama kilivyokuwa.

"Huyu si panya," alisema. "Panya anaanzia ukingoni na anabeba nyuzi. Hapa nyuzi zote zipo, zimekatwa tu. Tazama, meno ya juu haya, ya chini haya. Mtu ameuma hiki, shemeji. Ameuma kwa nguvu." Akaligeuza pindo la buluu, akaliangalia, akavua miwani. "Na pindo hili nimelishona mimi. Ni cha dada."

Tani Kumi aliona kwenye mawazo yake ule uso ulioinama kwenye kioo. Halafu akatoa funguo za gari mfukoni, akampa shemeji yake, akamwambia twende, wewe endesha.

Sasa, fundi yule aliendesha gari kama anavyoendesha cherehani, anakanyaga anaachia, anakanyaga anaachia, na siku nyingine yoyote Tani Kumi asingempa hata usukani wa mkokoteni. Lakini alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa kiupande kama alivyokaa mkewe, mgongo mlangoni, mguu umenyooshwa. Ndipo alipogundua kwamba hajawahi kukaa pale. Miaka yote amemiliki magari, ameyaendesha, ameyalalia kwa chini, na hajawahi hata siku moja kubebwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe.

Tuta la kwanza lilimpiga nyongani kama mchi. "Umegonga nini?" aliuliza.

"Tuta."

"Kwa mwendo gani?"

"Huu huu wako, shemeji. Hata haufiki."

Mashimo yalikuwa mabaya zaidi. Springi hazikushuka hata chembe, kila kokoto ilipanda moja kwa moja mpaka kiunoni, na shokapu ngumu zikamrusha juu na kumbwaga tena kabla hajajishika. Kwenye tuta la shule kichwa chake kiligonga kioo. Shemeji alicheka, kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. Wakageuza, wakalirudia. Wakalirudia tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Tani Kumi alikuwa na nyonga nzima, isiyo na chuma, isiyo na mshono, na bado alitaka kupiga kelele.

Walipofika mtaani aliomba tena ile mifuko minne ya saruji. Wakaipakia kwenye buti, akakaa nyuma, wakaenda mpaka tuta la shule na kurudi. Gari likawa jingine. Likashuka, likapanda, likatulia kama kitanda. Hapo alielewa vizuri, na alivyoelewa alijisikia mdogo. Springi zile zilikuwa nzuri sana. Zilikuwa zinangoja mzigo. Mfuko mmoja wa saruji una kilo hamsini, na Mwalimu, tangu apasuliwe, alikuwa na kilo arobaini na sita. Chuma kile hakikujua hata kwamba yumo ndani.

Shemeji alishauri kwamba mifuko ibaki tu humohumo kwenye buti, tatizo limekwisha. Tani Kumi alisema hampeleki mkewe hospitali akiwa abiria wa saruji.

Nyumbani alimkuta Mwalimu barazani. Akakaa ngazini chini yake, akamwekea kile kitambaa juu ya goti zima. Mwalimu alikitazama, akakifunika kwa kiganja, kama mtoto aliyekutwa na kitu cha mwenzake.

"Nimekaa nyuma," alisema Tani Kumi. "Ndugu yako ameniendesha. Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu alilipapasa pindo la buluu.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Tangu nianguke, ulikuwa unatembea humu ndani kama mgeni, unaogopa hata kugusa vikombe. Zile siku tatu za makopo nikakupata tena. Halafu ningesema nini? Nikasema safi. Wewe ukaenda ukaitangaza safi yangu mtaa mzima, mpaka kwa mtu wa maji. Nikakosa pa kuirudishia."

"Ukaona bora usiende kabisa."

"Nikaona bora nisiende."

"Na mguu?"

"Na mguu nikauona unavyozidi kuganda," alisema Mwalimu, na sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza. "Nao sikuweza kukuambia."

Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio chenyewe mama wa watu alikuwa amekikunja mara nne akakisukumia ndani ya kiti. Tani Kumi alimshika mguu ule, mahali penye mshono, kwa mkono uliobaki na harufu ya grisi mwaka mzima. Akasema miaka yote alifundishwa kwamba mzigo hausemi, akazoea kutazama mkia na kutomuuliza mtu. Akamwomba radhi kwa yale maneno ya mezani.

"Yapo," alisema Mwalimu. "Sijayasahau. Vuta kiti ukae vizuri, usije ukaumia na wewe."

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye duka la spea. Muuza spea alipoona springi nene zinarudi hakusema nilikuambia, na kwa hilo ninamheshimu. Aliuliza swali lake lilelile, mzee, unabeba nini?

"Kilo arobaini na sita," alisema Tani Kumi.

Safari hii alichukua zile za kwenda harusini, na shokapu laini. Makopo ya chaki yakarudi mezani, kazi ikaisha kwa siku moja, kwa kuwa kutu ilikwishaondolewa. Ila mwishoni alifanya jambo jipya. Kuna bolti zinazopita kwenye bushi za mpira, na hizo hazikazwi gari likiwa hewani. Hukazwa likiwa limekaa chini kwa uzito wake, ili mpira utulie pale utakapofanyia kazi. Mara ya kwanza alizikaza gari likiwa tupu, kama wafanyavyo wote. Safari hii alimsaidia Mwalimu kushuka barazani, akamwingiza nyuma kwenye kiti, mgongo kwenye mto, mguu umenyooshwa, akamwambia atulie hapo. Mwalimu akauliza yeye ni bolti au jiwe. Tani Kumi alishafika hatua ishirini, ameshafumba jicho.

Mkia ulikuwa umeshuka. Upana wa kidole kimoja, si zaidi. Katika maisha yake yote alichukia mkia ulioshuka, na leo alisimama akiutazama mpaka Mwalimu akamwita mara mbili. "Limekuhisi," alisema, na akaenda kulala chini ya gari akaze bolti, huku mkewe amekaa juu yake akimhesabia mizunguko.

Jumanne mtaalamu wa mazoezi hakuwabembeleza. Aliupinda mguu, akaupima, akaupima tena. Alisema wiki tatu zimekula sehemu yao. Watafanya kazi, na Mwalimu atatembea, lakini gongo huenda akabaki nalo. Tani Kumi alitaka kueleza kwamba kosa ni lake. Mwalimu akamkanyaga kwa mguu mzima.

Hayo yalikuwa ya hospitali. Kwenda ndiko ninakotaka kumalizia. Walipofika tuta la shule asubuhi ile, Tani Kumi alilipanda taratibu kama mwizi, gari likashuka, likapanda, likatulia. Akatazama kwenye kioo.

"Vipi, Mwalimu?"

"Safi."

Tani Kumi akaweka gari kando, akazima injini, akatoa funguo, akaziweka juu ya dashibodi. Nyuma yao mtu akapiga honi, akapita. Hakugeuka. Alisema anangoja, na ana siku nzima.

Mwalimu alitazama nje, kwenye ukuta wa shule aliyofundisha miaka yote ile. Akajifuta puani kwa kitambaa chenye pindo la buluu.

"Imeuma," alisema. "Si kama zamani. Imeuma kidogo, hapa kwa nyuma. Umelipanda vizuri lakini umeteremka haraka."

"Alama?"

"Sita."

Tani Kumi aliwasha gari. Kulikuwa na matuta mengine saba mbele, na hakulipita hata moja bila kuuliza. Alipata sita, alipata tano, kwenye daraja alipata saba na akataka kusimama ashangilie, na kwenye shimo la hospitali, ambalo hakuliona kwa kuwa alikuwa akitazama kioo, alipewa mbili pamoja na maneno. Mwalimu alilalamika mpaka getini. Alilalamikia breki, akalalamikia mto, akalalamikia shingo ya mumewe inayomzuia kuona njia. Tani Kumi alimsikiliza kwa masikio yake mabovu, akifuta macho kwa mkono wa shati, na kila tuta lililokuja alipunguza mwendo kidogo zaidi.